Shahada Imfuate Mtaalamu wa Maabara

Wanawake wa Mraru, karibu na Voi, walikuwa wakipitwa na mabasi yaliyokwisha kujaa. Wakachanga fedha, na mwaka 1975 wakanunua basi lao wenyewe. Kwa wataalamu wa maabara za hospitali zetu, basi la elimu ya juu lingali linapita limejaa.

Mwenye stashahada ya miaka mitatu anayetamani shahada mara nyingi hulazimika kuomba ruhusa kazini na kwenda kukaa mbali. Sisi walimu tulipata njia mapema: mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuwasomesha walimu shahada wakiwa kazini, wakikutana na wahadhiri wao wakati wa likizo. Lakini maabara haina likizo; malaria haifungi muhula.

Kwa hivyo masomo ya intaneti yanawafaa hawa kuliko hata yanavyotufaa sisi. Takwimu, elimu ya kinga ya mwili na usimamizi wa ubora wa vipimo vyaweza kusomwa baada ya zamu. Wapo wanaopinga, wakisema damu haipimwi kwa kompyuta. Ni kweli, ila mwanafunzi huyu hushika hadubini kila siku! Vyuo vikuu havina budi kukubali kwamba Hospitali ya Rufaa ya Moi, Voi, kwa mfano, yaweza kuwa mahali pa mazoezi na mitihani ya vitendo.

Hata hivyo, anayetaka kujiandikisha na aiulize kwanza bodi ya taaluma hiyo, iliyoundwa kwa sheria ya 1999, iwapo inaitambua kozi anayoonyeshwa. Karo ailipe baadaye.