Korona Ilipofika Kwenye Tezi

Mlango ambao virusi vya korona hupitia kuingia ndani ya seli ni sehemu ya mfumo wa homoni wenyewe. Mlango huo ni ACE2, protini inayokaa kwenye utando wa seli, na kazi yake ya kila siku ni kuvunja angiotensini ya pili, homoni inayobana mishipa ya damu na kupandisha presha. Virusi hujishikiza hapo kwa miiba yao. Kisha kimeng'enya kiitwacho TMPRSS2, ambacho katika baadhi ya viungo huchochewa na homoni za kiume, huikata miiba hiyo ili virusi vipenye. ACE2 haipatikani mapafuni tu. Ipo pia, kwa viwango tofauti, kwenye utumbo, figo, kongosho, tezi ya shingo na korodani, na ndiyo maana ugonjwa uliofahamika kwanza kama homa ya mapafu uliweza kufika mbali hivyo.

Uhusiano huo wa ACE2 na presha ulizua hofu mwanzoni. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13 Machi 2020, wakati ambapo madaktari duniani walikuwa wakiulizana kama enalapril na losartan, dawa za presha zinazogusa mfumo huohuo, zingewapa virusi milango zaidi. Utafiti uliofanywa Brazil mwaka huo ulionyesha kwamba wagonjwa walioziacha hawakupata nafuu kuliko walioendelea kuzimeza.

Kwa wakazi wa Nyeri, hata hivyo, tezi yenye uzito zaidi katika habari hii ni kongosho. Mpango wa majaribio wa afya kwa wote ulipoanza Desemba 2018, Nyeri ilikuwa miongoni mwa kaunti nne zilizoteuliwa, pamoja na Kisumu, Machakos na Isiolo, na sababu kuu ya kuteuliwa kwake ilikuwa wingi wa magonjwa yasiyoambukiza, kisukari kikiwa mbele. Kwa hiyo korona ilipopanda milimani, kuanzia Karatina na Othaya hadi Wamagana na vijiji vingine vya Tetu, iliwakuta watu waliokuwa tayari wakiishi na sukari, wengine bila kujijua.

Maambukizi makali hupandisha sukari kwa njia kadhaa kwa wakati mmoja. Mwili ulio hatarini humwaga adrenalini, kortisoli na glukagoni, na homoni hizi huliamuru ini liachilie sukari kwenye damu. Uvimbe unaoenea mwilini nao huifanya misuli isiitikie insulini vizuri. Zaidi ya hayo, virusi vimekutwa ndani ya seli za beta, zile zinazotengeneza insulini, katika kongosho za baadhi ya watu waliofariki, ingawa wataalamu bado wanabishana kuhusu ukubwa wa madhara yake hapo.

Tiba nayo ilichangia. Juni 2020 watafiti wa Oxford walitangaza kwamba deksamethasoni, miligramu 6 kwa siku kwa muda usiozidi siku 10, ilipunguza vifo kwa takriban thuluthi moja kati ya wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Ni dawa rahisi, ya zamani, na iliokoa wengi. Lakini deksamethasoni ni steroidi, ndugu wa kortisoli, na steroidi hupandisha sukari. India ililipa gharama yake mwaka 2021, pale kuvu jeusi lilipowashambulia wagonjwa wa korona, wengi wao wakiwa na kisukari kisichodhibitiwa na wametumia steroidi.

Baada ya kupona, sukari ya wengine hushuka yenyewe, na ya wengine haishuki. Utafiti mkubwa wa wanajeshi wastaafu wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2022, ulikuta kwamba waliougua korona walikuwa na hatari ya kupata kisukari iliyozidi ya wenzao kwa takriban asilimia 40 katika mwaka uliofuata. Ni vyema kukumbuka kwamba baadhi ya wagonjwa hao "wapya" huenda walikuwa nacho zamani, korona ikawa imewafichua tu. Kipimo cha HbA1c husaidia kutofautisha, kwa kuwa huonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili au mitatu iliyopita: kikiwa juu siku mgonjwa anapolazwa, basi ugonjwa ulivitangulia virusi.

Tezi ya shingo huumia kwa namna nyingine. Mwaka 2020 madaktari wa Pisa, Italia, walieleza habari za msichana wa miaka 18 aliyepata maumivu ya shingo na moyo kwenda mbio muda mfupi baada ya korona. Tezi iliyovimba humwaga akiba yake ya homoni kama gunia lililotoboka, ndipo mgonjwa hutoka jasho, hutetemeka na kukonda. Akiba ikiisha hufuata kipindi cha uchovu na kuhisi baridi, na wengi hupona katika miezi michache. Kwa kuwa tezi inavuja tu wala haitengenezi kupita kiasi, carbimazole haifai hapa. Hutumika dawa za maumivu, prednisolone inapobidi, na propranolol ya kutuliza moyo. Ugonjwa huu hautakiwi kuchanganywa na rovu la ukosefu wa madini joto, ambalo hukua polepole na kwa kawaida haliumi.

Homoni za uzazi huguswa pia: testosteroni hushuka kwa wanaume walio mahututi, na hedhi huweza kuchelewa au kubadilika, mara nyingi kwa muda mfupi.

Kuhusu tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, funzo lilitangulia korona ya sasa. Huko Singapore, baada ya mlipuko wa SARS wa 2003, manusura 61 walipimwa na takriban 4 kati ya kila 10 walikuwa na kortisoli pungufu. Zaidi ya nusu ya hao walirejea hali ya kawaida ndani ya mwaka. Hatari iliyo wazi zaidi leo hutokana na vidonge. Anayemeza steroidi kwa wiki nyingi kisha akaziacha ghafla huziacha adrenali zikiwa zimelala, na hapo huja udhaifu, kichefuchefu, kizunguzungu anaposimama na presha kushuka. Daktari hupunguza steroidi kidogo kidogo.

Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii nchini Kenya wamepewa vifaa vya kupima sukari na presha nyumbani kwa watu. Homoni za shingo na kortisoli huhitaji maabara. Damu ya kortisoli hutolewa karibu saa mbili asubuhi, homoni hiyo inapokuwa juu kabisa. Ikitolewa alasiri, hata mtu mzima wa afya huweza kuonekana amepungukiwa.