Chembe Zilizowambwa

Ukipimwa kundi la damu unarudi na herufi: A, B, AB au O, pamoja na alama ya Rh. Mtu akifikiri hayo ndiyo yote, hana kosa. Hata hivyo wataalamu wameshatambua mifumo zaidi ya 40 ya makundi ya damu, na mmojawapo, uitwao MNS, una tofauti ya kurithi iitwayo Dantu. Aliye nayo haumwi wala hajijui. Inapatikana Afrika Mashariki, hasa Kilifi nchini Kenya, ilhali Afrika Magharibi karibu haionekani. Mwaka 2017 ilibainika kwamba hupunguza hatari ya malaria kali kwa takriban asilimia 40.

Kwa nini? Jibu lilihitaji jicho lisilochoka.

Chembe nyekundu ya damu haitulii. Utando wake hutetemeka muda wote, na mtetemo huo ni mdogo na wa kasi mno kwa jicho la mtu. Mtafiti Silvia Kariuki wa Kilifi na wenzake, wakishirikiana na wanafizikia wa Cambridge, walichunguza damu ya watoto 42 wenye afya: wasio na Dantu, waliorithi nakala moja, na waliorithi mbili. Kamera kwenye darubini ilinasa picha kwa kasi kubwa, programu ya kompyuta ikafuata ukingo wa chembe picha baada ya picha na kukokotoa mkazo wa utando.

Mpiga ngoma anaijua kanuni hii mikononi mwake. Ngozi iliyolegea huyumba. Ikiwambwa vizuri, hutikisika kidogo tu. Chembe za Dantu zilionekana zimewambwa zaidi, na mara nyingi kimelea cha malaria kilizigusa kikashindwa kupenya.

Kilichonigusa zaidi katika matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2020, kinatuhusu hata sisi tusio na Dantu. Chembe za mtu mmoja hazilingani: zipo zilizolegea, zipo zilizokaza. Mkazo ukivuka kiwango fulani kimelea hupenya kwa nadra sana, chembe iwe ya Dantu au isiwe. Dantu huongeza tu idadi ya chembe zilizovuka kiwango hicho. Ndiyo maana watafiti wanaona uwezekano wa dawa itakayokaza utando kidogo tu, ili mtoto ambaye hakurithi kinga hiyo aipate kwa njia nyingine.