Kidonge kimemezwa, minyoo hawajahama

Ukimwambia mtoto wa Mpanda kwamba fulani ni chawa, hataanza kujikuna kichwa. Atamfikiria yule mtu anayemganda tajiri au msanii kila aendako, akimsifia mchana na kulamba sahani usiku. Neno limetoka kwenye nywele likaingia kwenye siasa na mitandao, na halikupata shida kuhama, kwa kuwa mdudu mwenyewe hana tena makazi ya uhakika kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali. Mwanafunzi huyo, awe wa kike au wa kiume, kanyolewa. Kwa kichwa kilichonyolewa chawa hana ujanja: makucha yake yameumbwa kushika unywele, mayai yake huyagandisha kwenye unywele milimita chache tu kutoka kwenye ngozi, na akitengana na kichwa cha binadamu hufa ndani ya siku moja au mbili. Haruki, hana mabawa, wala hana mnyama mwingine wa kumkimbilia. Ukimwondolea nywele umemwondolea nyumba, chakula na kitanda cha watoto wake kwa mpigo, na hujatumia dawa hata tone.

Sisemi haya kuusifia wembe. Kuwanyoa wasichana kwa lazima kuna ubishi wake, nao una haki ya kusikilizwa, maana chawa wa kichwani anawasha tu. Anayeeneza homa ya tifasi ni ndugu yake wa kwenye nguo. Chanuo la meno ya karibu karibu, likipitishwa kwenye nywele zilizolowa kila baada ya siku chache kwa wiki mbili hivi, lingefanya kazi hiyohiyo bila mtoto kupoteza nywele. Tena mashine ya kunyolea inayotoka kichwa hadi kichwa bila kusafishwa hupanda mapunye pale ilipong'oa chawa, na mapunye ni ugonjwa kweli. Kinachonivutia ni ile hesabu iliyo nyuma ya wembe. Kwa chawa, shule iliuliza kwanza anaishi wapi. Kwa minyoo, swali tunalouliza ni moja tu: dawa gani inamuua? Ninavyoona, hapo ndipo tunapopotezea nguvu zetu, na mkoa kama Katavi ndiko hasara hiyo inakoonekana wazi zaidi.

Katavi ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Sensa ya mwaka huohuo iliukuta na watu 564,604. Sensa ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Ndani ya miaka kumi mkoa umejaa mara mbili na ushei, kwa watoto wanaozaliwa na kwa wakulima na wafugaji wanaoshuka kutoka kaskazini kufuata ardhi. Katikati ya muongo huo, Januari 2016, ikaja elimu bila ada, na madarasa yakafurika. Mwongozo wa serikali wa maji na usafi wa mazingira shuleni unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule yenye wanafunzi 1,000, nusu kwa nusu, inahitaji basi matundu 25 ya wasichana na 20 ya wavulana, jumla 45. Mzazi hahitaji ripoti ya mtu kujua shule ya mwanawe imefikia wapi. Azunguke nyuma ya madarasa, ahesabu milango, kisha aangalie ni mingapi inayofunguka kwenye shimo ambalo halijajaa.

Pale shimo lilipojaa, mtoto huingia kichakani, na hapo ndipo safura hupata nyumba. Mayai yake huangukia kwenye udongo wenye unyevu na kivuli, huanguliwa, na kwa siku chache viluwiluwi huwa tayari kupenya ngozi ya mguu usio na kiatu. Mvua za Katavi ni za msimu mmoja mrefu, tangu Novemba hadi Aprili, na miezi hiyohiyo ndiyo ya kilimo. Mtoto wa Mpimbwe anayekwenda kuamia ndege kwenye mpunga hatembei na viatu juu ya kingo za majaruba. Minyoo wakubwa wa mviringo na wale wanaoitwa mjeledi hawapenyi mguu; mayai yao hukomaa udongoni kwa wiki kadhaa, halafu hurudi mdomoni kupitia embe lililookotwa au mkono usionawa. Kule ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, Karema na Ikola, kuna pia kichocho cha tumbo, ambacho makazi yake ni maji na konokono. Wadudu ni wengi, na kila mmoja ana anwani yake.

Kingatiba ni kazi njema, na asiyekiri hivyo hajawahi kukisoma kipimo cha damu cha mtoto mwenye safura. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Magonjwa Yasiyopewa Kipaumbele umekuwa ukiwatumia walimu kuwapa watoto wa miaka 5 hadi 14 kidonge cha albendazole, na penye kichocho, praziquantel kwa kipimo kinachosomwa kwenye fimbo ya urefu. Minyoo hawa hawaongezeki ndani ya tumbo. Kila mmoja aliyemo aliingia kutoka nje. Kwa hiyo kuwapunguza hata kwa nusu ni kumpunguzia mtoto upungufu wa damu na maumivu. Lakini uwezo wa kidonge una mpaka. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba dozi moja ya albendazole huponya takribani watu 96 kati ya 100 wenye minyoo wa mviringo, 80 kwa safura, na 31 tu kwa minyoo mjeledi. Uchambuzi mwingine, wa mwaka 2012, uliuliza kinachotokea baada ya hapo. Mwaka mmoja baada ya matibabu, maambukizi ya minyoo wa mviringo yalikuwa yamerudi hadi asilimia 94 ya yalivyokuwa kabla ya dawa, mjeledi asilimia 82, safura asilimia 57. Yaani siku mwalimu anapofungua kopo la mwaka unaofuata, kazi ya kopo la mwaka jana imekwisha kufutwa kwa sehemu kubwa, na aliyeifuta ni udongo uleule.

Watetezi wa kidonge wana jibu lao, nalo si dogo. Kidonge ni rahisi, tena kampuni za dawa hukitoa bure, wakati choo kinakula saruji, nondo na fedha ambazo halmashauri haina. Utafiti wa Busia, magharibi mwa Kenya, ulioanza mwaka 1998 katika shule 75, ulikuta utoro ukipungua kwa robo watoto walipopewa dawa, na hata wasiomeza walinufaika kwa kuwa mayai yalipungua kwenye mazingira. Wachumi wameshambuliana juu ya takwimu hizo kwa miaka, hasa tangu 2015, na sina haja ya kuwaamua. Tukubali kwamba matokeo ni sahihi yote. Bado yanaeleza faida ya kumeza, hayaelezi lini tutaacha kumeza. Na hiyo dawa ya bure ina mwenyewe. Mapema mwaka 2025 Marekani ilipolisimamisha shirika lake la misaada la USAID, ambalo kwa miaka mingi lilibeba sehemu ya gharama za kampeni hizi nchini, ilionekana jinsi ratiba ya tumbo la mtoto wa Nsimbo inavyoweza kutegemea saini ya mtu wa Washington.

Hata ndani ya hesabu za dawa zenyewe, swali la makazi hurudi. Kule Kwale, pwani ya Kenya, watafiti walilinganisha njia tatu kwa miaka miwili, wakatoa matokeo mwaka 2019. Dawa ilipolenga watoto peke yao mara moja kwa mwaka, safura katika jamii ilishuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8. Ilipopelekwa nyumba kwa nyumba kwa watu wa rika zote, ilishuka kutoka 17.9 hadi 8.0, na ilipopelekwa hivyo mara mbili kwa mwaka, kutoka 20.6 hadi 6.2. Sababu ni nyepesi: safura hukaa pia tumboni mwa baba na mama wanaolima pekupeku, na hao hawamo kwenye rejesta ya mwalimu. Tunamtibu mwanafunzi asubuhi, jioni anarudi kwenye shamba moja na wazazi ambao hakuna aliyewapa kitu.

Pingamizi lililo zito zaidi linatoka upande mwingine. Jimbo la Odisha nchini India lilijaribiwa kwa vyoo: vijiji vilivyoingia kwenye mradi vilipanda kutoka nyumba 9 zenye choo kati ya 100 hadi 63, na matokeo yaliyotoka mwaka 2014 yakaonyesha kwamba minyoo kwa watoto haikupungua hata kidogo. Mtu anaweza kuuliza, kwa haki, kwa nini basi Katavi izike saruji ardhini. Jibu liko kwenye ripoti ileile: vyoo vingi vilijengwa na havikutumiwa. Choo kisichotumiwa hakimnyimi mdudu kitu. Tanzania ilijifunza somo hili kabla ya Odisha. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 haikuanza na saruji. Ilianza na redio na vikundi vya kusoma, watu wazima wapatao milioni mbili wakikaa chini ya miti kubishana juu ya chanzo cha kuhara na malaria, kisha wakaenda kuchimba wenyewe. Choo kilichochimbwa na anayejua kinamzuia nani hubaki kinatumika hata mgeni wa wilaya akishaondoka. Cha shule kinadai zaidi: mtu wa kukisafisha, maji, mlango wenye komeo, maana msichana wa darasa la sita hataingia kwenye chumba kisichofungika, hata kiwe kipya namna gani.

Nimemwacha mwisho mnyoo anayeharibu hesabu za pande zote mbili: yule mdogo mweupe kama uzi. Jike lake, lisilozidi sentimita moja na kidogo, hutoka usiku mtoto akilala na kutaga maelfu ya mayai kwenye ngozi ya njia ya haja kubwa. Mtoto anajikuna, mayai yanaingia kwenye kucha, na ndani ya saa chache yako tayari kuambukiza yeyote, naye akiwemo. Wazee husema mtoto akisaga meno usiku ana minyoo, wengine hulaumu sukari. Sukari haina hatia, na dalili ya kuangalia ni hiyo ya kujikuna usiku. Mnyoo huyu hahitaji udongo. Hahitaji kichaka. Choo bora kuliko vyote mkoani hakimgusi, kwa sababu anwani yake ni kitanda, nguo ya ndani na kidole. Hata kipimo cha choo hakimkamati vizuri, kwa kuwa hatagi tumboni, na hivyo hahesabiwi kwenye tafiti za minyoo mashuleni. Japani ilimhesabu: kwa zaidi ya nusu karne watoto wa shule za msingi walibandikwa kipande cha solotepu asubuhi kabla ya kuoga, kikapelekwa kwenye darubini, hadi wizara ilipokifuta kipimo hicho kuanzia mwaka wa masomo wa 2016 kwa kuwa waliokutwa nao walikuwa wamebaki wachache mno.

Kidonge cha kingatiba humuua mnyoo huyu aliyekomaa, hakiyaui mayai. Mayai kwenye shuka huishi wiki mbili au tatu, na tangu yai limezwe hadi jike jipya litage ni mwezi mmoja hivi. Kwa hiyo mtoto aliyemeza shuleni na kurudi kulala na wadogo zake wawili kitanda kimoja, nao hawajameza, atajikuna tena kabla muhula haujaisha, na mama atasema dawa ya serikali haifanyi kazi. Inayotakiwa ni dozi kwa nyumba nzima siku moja, kisha dozi ya pili baada ya wiki mbili, isipokuwa mjamzito na mtoto chini ya mwaka mmoja, ambao kituo cha afya ndicho cha kuwaamulia. Asubuhi zake, kuoga au kunawa sehemu hizo mara tu mtoto aamkapo, shuka kufuliwa na kuanikwa juani, kucha kukatwa hadi mwisho.

Kuna watakaosema hayo ni mambo ya nyumbani, shule haina mkono huko. Inao. Walimu wamekuwa wakikagua kucha paredi tangu enzi za babu zetu, kama walivyokagua nywele, ingawa ukaguzi huo umegeuzwa kuwa suala la nidhamu na fimbo hata sababu yake ikasahaulika. Na fimbo humfundisha mtoto kuficha mikono. Kibuyu chirizi chenye sabuni kati ya choo na sufuria ya uji kingeurudishia maana. Siku ya kingatiba kila mtoto angerudi na karatasi moja inayomwambia mzazi kwamba mwanawe amemeza leo, kwamba wengine nyumbani wameze leo hii pia, na tarehe ya wiki mbili zijazo ikiwa imeandikwa kwa mkono wa mwalimu, ili mama anayeishi mbali na duka la dawa muhimu ajue siku ya gulio anunue vidonge vingapi.