Mtoto anapotoka jasho akinyonya: dalili za moyo ambazo mzazi asizipuuze

Masasi. Mtoto mchanga hana kilima cha kupanda wala mpira wa kukimbiza. Kazi yake ngumu kuliko zote ni kunyonya, na hapo ndipo moyo wenye kasoro hujionyesha. Ananyonya kidogo, anaachia ziwa, anahema haraka, paji la uso limelowa jasho hata asubuhi ya baridi kule Newala, kisha analala kabla hajashiba. Kliniki, uzito kwenye kadi haupandi. Wengi hudhani ni kifua tu. Lakini nimonia inayojirudia kwa mtoto asiyeongezeka uzito ni sababu tosha ya kumwomba daktari ausikilize moyo.

Duniani, takriban mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa na kasoro ya moyo. Inayoonekana zaidi ni tundu kwenye ukuta unaotenganisha vyumba vya moyo. Matundu mengi madogo huziba yenyewe mtoto anavyokua, kwa hiyo kuambiwa mwanao ana tundu si hukumu ya kifo. Tundu kubwa ni habari nyingine. Hupeleka damu nyingi mno kwenye mapafu, na likiachwa kwa miaka, mishipa ya mapafu huharibika hadi kuliziba kusiwezekane tena. Kusubiri hela za korosho za msimu ujao, halafu na wa baada ya huo, kunaweza kuufunga mlango huo.

Kuna ugonjwa mwingine ambao mtoto hazaliwi nao. Huanzia kooni, kwa kawaida kati ya miaka 5 na 15. Bakteria wa koo wasipotibiwa, wiki mbili au tatu baadaye kinga ya mwili inaweza kugeuka na kushambulia viungo na moyo. Leo linavimba goti, keshokutwa kifundo cha mguu, kisha kiwiko, na homa juu. Maumivu hupoa, mtoto anarudi shuleni, kumbe valvu za moyo zimeanza kuharibika. Miaka baadaye anachoka kwenye kilima alichokuwa akikipanda mbio.

Koo lenye mafua na kikohozi mara nyingi ni virusi tu. Linalouma ghafla, lenye homa na tezi za shingo zilizovimba, bila kikohozi, lipelekwe zahanati. Dozi ya vidonge vya penisilini ni siku 10, nayo humalizwa hata maumivu yakiisha siku ya tatu. Bado wapo wanaokimbilia kumkata mtoto kimeo. Kimeo hakina hatia. Kukikata hakuui bakteria, na kunaweza kusababisha kuvuja damu nyingi.

Hospitali siku hiyo hiyo: mtoto ambaye ulimi au fizi zimekuwa za bluu, anayeshindwa kunyonya, ambaye mbavu zinabonyea akivuta pumzi, au aliyezimia akikimbia. Kwa mengine, anza na kituo cha karibu, kisha hospitali kama Mkomaindo au Ndanda, na uombe barua ya rufaa. Njia hiyo huelekea Mtwara, Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, na ikibidi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Masasi. Huko baadhi ya matundu huzibwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja, bila kupasua kifua. Taasisi hiyo pia hupeleka madaktari mikoani kwa tiba mkoba, hivyo uliza hospitalini lini watafika kabla ya kukata tiketi ya basi.

Kipimo kinachotoa jibu ni eko. Ni kama ile altrasaundi ya mjamzito, ila huelekezwa moyoni, wala hakiumi. Beba kadi ya kliniki, dawa zote alizokwisha kutumia, na video fupi kwenye simu ikimwonyesha anavyohema akinyonya. Mtoto aliyeandikiwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne aendelee kuchomwa kwa miaka yote aliyopangiwa, hata akionekana mzima kabisa.