Rotary na vita vya polio: Wajibu wetu tunaovuka Kobero

WAPO wahisani wanaofika kijijini na magunia ya nguo, wakapiga picha, wakaondoka, na mwaka unaofuata hakuna anayewakumbuka. Sisi tunaovuka mpaka wa Kobero, kwenda na kurudi, tumewaona wengi wa aina hiyo. Ndiyo maana nawaheshimu watu wa Rotary, klabu iliyoanzishwa Chicago, Marekani, mwaka 1905, ambao wameshikilia kazi moja kwa zaidi ya miaka 40.

Kazi hiyo ni kuutokomeza ugonjwa wa polio. Walianza mwaka 1979 nchini Ufilipino, kwa kuchanja watoto wapatao milioni sita. Mwaka 1985 wakaufanya mpango wa dunia nzima, na mwaka 1988 Shirika la Afya Duniani (WHO), UNICEF na serikali mbalimbali wakaungana nao. Wakati huo polio ilikuwa ikipooza watu wapatao 350,000 kila mwaka, wengi wao watoto.

Fedha hutoka kwa wanachama: mwenye duka, daktari, mwalimu mstaafu. Hukutana na kuchangishana. Hadi sasa wamekwishatoa zaidi ya dola bilioni mbili. Bandu bandu huisha gogo.

Matunda yalionekana Agosti 25, 2020, Kanda ya Afrika ya WHO ilipotangazwa kuwa haina tena polio ya asili.

Hata hivyo, vita havijaisha. Machi 2023, Burundi ilitangaza mlipuko wa kwanza kwa zaidi ya miaka 30. Virusi vilikutwa kwa mtoto wa miaka minne katika wilaya ya afya ya Isale, magharibi mwa nchi, ambaye hakuwa amechanjwa, na kwa watoto wengine wawili waliokuwa karibu naye. Havikuwa virusi vya asili, bali vile vinavyotokana na chanjo ya matone, ambavyo hubadilika na kusambaa pale penye watoto wengi wasiochanjwa.

Isale ni mbali na Gitega, na mbali zaidi na Muyinga, lakini virusi havionyeshi pasi mpakani. Husafiri kwa kinyesi, maji machafu na mikono isiyonawa, na wengi wanaovibeba hawaugui. Takriban mmoja kati ya 200 hupooza, na akishapooza hakuna dawa ya kumponya.

Sasa mwangalie mtoto wa mfanyabiashara: leo amelala Kabanga, kesho Muyinga, keshokutwa yuko na mama yake sokoni Gitega. Mwangalie na mtoto wa familia iliyorudi kutoka kambi ya Nduta au Nyarugusu, aliyeanza chanjo Tanzania na kadi ikapotelea njiani. Mhudumu wa afya anapopita kilimani kwao na boksi lake la barafu, mtoto hayupo. Kidole chake hakitiwi wino, na hakuna anayejua kwamba amerukwa.

Klabu ya mbali inaweza kununua chanjo. Haiwezi kumpeleka mtoto kituoni. Kwa maoni yangu, hapo ndipo wajibu wetu unapoanza. Kadi ya chanjo itunzwe pamoja na vitambulisho, siyo chini ya mzigo. Ukifika mahali papya, ulizia kituo cha afya kabla ya kuulizia bei ya maharage. Kama kadi imepotea, sema ukweli. Mtoto atapangiwa chanjo upya, wala hakuna aibu.

Waliochanga wametimiza sehemu yao. Iliyobaki ni hatua chache za mzazi hadi kituoni.