Zumu ya flashi

Kwa zumu ya lenzi, kitenzi "kuza" kinafaa, kwa kuwa taswira hukua. Kwa flashi ya nje ya kamera kinapotosha. Humo hakuna kinachokuzwa: taa ikisogea karibu na kioo cha mbele, mwanga hutawanyika, ikirudi nyuma, hukusanyika na kufika mbali. Namba 24 au 105 kwenye flashi hutaja urefu wa fokasi, kwa milimita, wa lenzi ambayo mwanga huo unaitosha. Mpiga picha wa harusi mwenye lenzi ya milimita 24 akiiacha flashi kwenye 105, maharusi watang'aa katikati, wazee waliosimama pembeni wazame gizani. Kwa mfasiri wa kijitabu cha maelekezo, "kurekebisha mtawanyiko wa mwanga" ni fungu refu, lakini halimponzi mtumiaji.