Kitabu Kwanza, Istilahi Baadaye

Mwanafunzi wa Kidato cha Pili akiulizwa katika somo la Kiingereza dhamira ni nini, hujibu upesi, neno kwa neno kama ilivyoandikwa ubaoni. Akiulizwa dhamira ya hadithi aliyoisoma juma lililopita, hunyamaza. Mara nyingine hunyamaza kwa kuwa hakuna hadithi yo yote aliyoisoma.

Hali hii twaijua sote, tangu Nshambya hapa Bukoba hadi visiwa vya Bumbire, Goziba na Ikuza wilayani Muleba. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili miaka yote, kisha katika Kidato cha Kwanza anakuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, walieleza wazi kwamba Kiingereza cha wanafunzi wetu wengi wa sekondari hakikutosha kubeba masomo. Tangu hapo yamesemwa mengi. Lakini kukariri maana za istilahi kunaendelea, maana ni rahisi kutungia mtihani na hakuhitaji kununua kitabu.

Sisi twaona kwamba mtoto huyu si mjinga wa fasihi. Katika hadithi za Kihaya msimulizi hutangaza kuwa amekuja, ameona. Nao wasikilizaji humwitikia aone ili nao wapate kuona. Hapo somo zima la msimulizi limekwisha kutolewa: nani anaona, nani anasema, na sisi tunaona kwa macho ya nani. Mwalimu akianzia hapo, neno la Kiingereza litapata mahali pa kukaa. Kadhalika mpiga enanga anapomsifu shujaa kwa kumfananisha na kitu kingine, watoto huelewa bila kuambiwa kwamba hiyo ni tashbihi au sitiari. Wanalokosa ni jina tu, na jina hufundishwa kwa dakika tano.

Kisichofundishwa kwa dakika tano ni kusoma. Kusoma ni kukisia maana ya neno geni kutokana na sentensi iliyo kando yake, bila kukimbilia kamusi. Ni kurudi nyuma kuhakikisha nani alisema nini. Ni kuweza kueleza aya moja kwa maneno yako, hata kama ni kwa Kiswahili kwanza. Tunawaomba walimu wasione haya kusoma kwa sauti darasani.

Vitabu navyo viwe vya kumgusa msomaji. Riwaya ya Bernard Mapalala, Passed Like a Shadow, iliyosomwa miaka mingi katika sekondari zetu, inasimulia familia ya Uganda inayoteketea kwa UKIMWI. Katika mkoa huu, ambako wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mwaka 1983, ni vigumu kuamini kwamba dhamira ya kitabu hicho inahitaji kukaririwa.

Kwa wenzetu wa visiwani tuna pendekezo zaidi. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyesoma katika Seminari ya Rubya, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe habari za Myombekere na Bugonoka. Tafsiri yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1980, mwaka mmoja tu kabla hajafariki. Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, naye mzaliwa wa Ukerewe, aliitoa kwa Kiingereza. Ni kitabu kinene mno kwa kidato cha chini, hilo hatulifichi. Lakini kurasa nne za Kiswahili zikiwekwa kando ya kurasa hizo hizo za Kiingereza, mtoto aliyezaliwa kisiwani ataijua mandhari kabla ya kuijua lugha.

Maofisa elimu wa wilaya wanapopanga safari za boti kwenda visiwani kukagua shule, twawaomba wapakie na sanduku la vitabu. Na mkaguzi akifika darasani, asiulize dhamira ni nini. Aombe kitabu, afungue ukurasa, ampe mtoto asome.